Kukagua shata ya kamera ya mirolesi iliyotumika kabla hujatoa pesa

Muuzaji akikuambia kamera "haijapigwa sana", mwombe faili ya picha, si maelezo. Kwenye kamera ya mirolesi (mirrorless, isiyo na kioo ndani) kuna namba inayoonyesha imepiga mara ngapi, ila namba hiyo ina ujanja wake. Kuna bodi (kamera yenyewe bila lenzi) zenye namba ndogo ambazo shata yake imechoka, na kuna zenye namba ya kutisha ambazo bado zitakuzalishia kwa miaka. Mwongozo huu ni wa anayenunua Dar es Salaam, iwe Kariakoo, iwe kwa mtu aliyetangaza Instagram na kupanga mkutane Mlimani City. Ukaguzi mzima unachukua kama dakika 40. Muuzaji asiyekupa dakika 40 kwa kamera ya mamilioni amekwisha kukupa jibu.

Kwanza, kitu chenyewe ni nini

Shata ni mapazia mawili ya vipande vyembamba sana vilivyopangana kama feni ya mkononi, yanayopita mbele ya sensa (kipande kinachopokea mwanga na kutengeneza picha) kutoka juu kwenda chini. Kwenye kamera za zamani zenye kioo, mapazia hukaa yamefungwa mpaka ubonyeze. Kwenye mirolesi hukaa wazi, kwa sababu sensa lazima ione ili skrini ipate picha. Ukibonyeza kwa mfumo kamili wa mekanika, pazia la mbele linafunga, linaachia mwanga uingie, la nyuma linakuja kuufunga, kisha yote yanarudi wazi. Kazi yote hiyo ni kwa fremu moja, yaani picha moja.

Kuna njia nyingine mbili. Ya kwanza ni pazia la mbele la kielektroniki: sensa yenyewe inaanza kupokea mwanga, na pazia la nyuma peke yake ndilo linalotembea. Ya pili ni shata ya kielektroniki kabisa, ile ya kimya, ambayo hakuna kinachotembea. Ndiyo maana hesabu ya picha 60,000 inaweza kuwa mizunguko 60,000 ya mekanika, au nusu ya kazi hiyo, au karibu na sifuri kwa mtu aliyekuwa akipiga kanisani kimyakimya.

Bodi nyingine hazina shata ya mekanika kabisa: Nikon Z9, Nikon Z8 na Sony a9 III. Ukiuziwa mojawapo, ruka karibu kila kitu hapa na peleka nguvu kwenye sensa na milango ya kadi. Nyingine zina pazia la nyuma tu, mfano Sony a7C, Canon RP na Canon R8. Hizo unazipima kwa ukuta kama nyingine, lakini usihangaike kutafuta "Mechanical" kwenye menyu yake. Haipo.

Vya kubeba

Beba kadi yako ya SD, 64 GB inatosha, na uulize mapema bodi inatumia kadi gani maana Nikon Z6 inachukua XQD na haitakubali SD. Beba pia kisomea kadi cha kuchomeka kwenye simu, tochi ndogo, pampu ya mpira ya kupulizia vumbi na karatasi nyeupe ya A4. Kama una fleshi ya kupachika juu ya kamera, ibebe. Ukiwa na laptopu yenye ExifTool ni bora zaidi. Ni programu ya bure ya kusoma taarifa zilizo ndani ya faili ya picha, na mwenye simu ya Android anaweza kuiweka ndani ya Termux, programu ya kuandikia amri.

Muombe muuzaji aje na betri imejaa. Betri dhaifu huleta makosa yanayofanana na ya shata, na hutaki kubishana kuhusu hilo mkiwa mmesimama juani.

Hatua ya 1: Omba faili kabla ya kupanda daladala

Ujumbe uwe mfupi: "Kaka, naomba upige picha moja leo, RAW au JPEG, uitoe kwenye kadi bila kuigusa, unitumie WhatsApp kama dokumenti, si kama picha."

Neno "dokumenti" ndilo lenye kazi. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida inaibana na kufuta taarifa zote za ndani. Ikituma kama dokumenti inaiacha ilivyo. Faili iliyopita Lightroom, Snapseed au programu yoyote ya kuhariri haifai, na hata ile iliyohamishwa kwenda simu kwa Wi-Fi ya kamera mara nyingi huja imepunguzwa ukubwa bila taarifa unazozitaka. Lazima itoke kwenye kadi.

Atakayekuambia "angalia namba ya faili, iko DSC02914, imepiga elfu mbili na mia tisa tu" hajui, au anajua sana. Namba ya faili huanza upya kila ikifika 9999, na mtu yeyote anaweza kuirudisha mwanzo kwenye menyu ndani ya sekunde tano. Haihusiani na shata.

Hatua ya 2: Soma hesabu, kila kampuni kwa njia yake

Nikon ndiyo rahisi kuliko zote. Kwenye kompyuta andika exiftool -ShutterCount -MechanicalShutterCount halafu jina la faili. Kwa bodi za Z zinazotoa zote mbili, ya kwanza ni jumla ya fremu, pamoja na za kielektroniki, na ya pili ni za mekanika peke yake. Ya pili ndiyo unayoilipia. Ukiona jumla 140,000 na mekanika 31,000, umempata mtu aliyependa kupiga kimya, na shata yake bado kijana.

Sony huficha namba ndani ya faili kwa lugha yake, lakini ExifTool inaisoma kwa bodi nyingi: exiftool -ShutterCount. Kuna mtego hapa unaowaumiza watu. Kwa baadhi ya bodi namba hiyo ikifika 65,536 inaanza tena sifuri, kama mita ya gari ya zamani. Kamera inayosema 9,000 inaweza kuwa na 74,536. Dawa yake ni kuomba faili mbili: ya leo na ya zamani kadiri muuzaji anavyoweza kuipata, kutoka kamera hiyohiyo. Kama ya miaka miwili iliyopita inasema 58,000 na ya leo 9,000, mita imezunguka.

Canon wa mirolesi wamekuwa wagumu. Bodi kama R5 na R6 hutoa ShutterCount ndani ya faili za CR3 (RAW za Canon) ukitumia ExifTool ya karibuni, ila hapo fremu za kimya zimo ndani ya hesabu. Kwa nyingi nyingine utahitaji waya wa USB na programu ya kompyuta inayoongea na kamera moja kwa moja. Kama huna, usikwame hapo. Nenda hatua ya ukuta.

Fujifilm ina ImageCount. Isome kwa tahadhari kubwa, kwa sababu inaweza kurudi sifuri kamera ikisasishwa programu yake. Kwa Fuji, namba kubwa ni ushahidi, namba ndogo si ushahidi wa chochote.

Olympus wanakupa namba kwenye skrini bila kompyuta. Kwa OM-D nyingi: zima kamera, shikilia MENU huku ukiwasha, ingia menyu ya spana mpaka kwenye mwangaza wa skrini, bonyeza mshale wa kulia, kisha bonyeza INFO na OK kwa pamoja. Litatokea jina la kamera. Bonyeza juu, chini, kushoto, kulia, bonyeza kitufe cha kupigia mpaka mwisho, kisha juu tena. Kwa mshale wa kulia nenda ukurasa wa pili. Mstari unaoanza na R ndiyo shata, na unaoanza na S ni mara ngapi fleshi imewaka. S ikikaribia R, kamera imefanya kazi za ndani, kumbini.

Panasonic nao wana ukurasa wa siri unaotaja SHTCNT, lakini vitufe vinatofautiana bodi kwa bodi na ukikosea unaweza kuangukia kwenye menyu za fundi. Tafuta maelekezo ya bodi hiyo hasa kabla ya kwenda, au liache.

Hatua ya 3: Namba hiyo ina maana gani

Watengenezaji hutaja idadi ambayo shata imejaribiwa kuifikia. Sony a7 III ni 200,000. a7R III na a7R IV ni 500,000. Canon R6 ni 300,000, R5 ni 500,000. Nikon Z6 ni 200,000, Z50 ni 100,000. Fujifilm X-T4 ni 300,000, X-H1 ni 150,000. Panasonic GH5 na Olympus E-M1 Mark II ni 200,000 kila moja. Hiyo si tarehe ya kufa. Shata nyingine hupita mbali zaidi ya hapo, na nyingine hukata roho kwenye 40,000. Ichukulie kama kilomita za gari: zinasaidia kupanga bei, hazikuambii breki zikoje.

Fanya hesabu ya mmiliki pia. Mpiga picha wa harusi anayetoka na fremu 2,000 kwa shughuli moja, kila wikendi, anamaliza mwaka na fremu 104,000. Ukiongeza send-off na kitchen party za katikati ya wiki, unaelewa kwa nini kamera ya "mwaka mmoja na nusu tu" inaweza kuwa imekula maisha yake yote ya karatasini. Kinyume chake, bodi ya mtu wa video inaweza kuwa na 6,000 tu huku imewashwa maelfu ya saa kwenye joto, mlango wake wa HDMI umelegea na sensa imechoka. Namba ndogo ya mtu wa video isikupumbaze.

Kisha linganisha namba na mwili. Tazama reli ya kupachikia fleshi: rangi yake nyeusi ikiwa imekwanguka mpaka chuma, kamera hiyo imefanya kazi. Tazama pete ya lenzi, vitundu vya mkanda, mpira wa kushikia kama umeanza kufunguka pembeni, na vichwa vya skrubu za chini kama vimekwanguliwa na bisibisi. Namba 8,000 na reli iliyomenyeka haviendani. Ama hesabu imezunguka, ama bodi ya umeme imebadilishwa. Fundi akibadilisha shata, nayo hesabu huendelea palepale asipoirudisha sifuri, kwa hiyo kamera ya 230,000 yenye risiti ya shata mpya inaweza kuwa bora kuliko ya 90,000 isiyo na historia. Omba hiyo risiti uione.

Hatua ya 4: Tazama mapazia

Simameni mahali pasipo upepo. Toa lenzi, elekeza mdomo wa kamera chini kidogo ili vumbi lisiingie. Bodi zinazofunga mapazia zikizimwa, kama Canon R nyingi, zitakuonyesha mapazia moja kwa moja. Sony za karibuni, mfano a7 IV, zina chaguo hilo kwenye menyu. Liwashe chaguo hilo, kisha zima kamera.

Mulika kwa tochi kutoka pembeni. Vipande viwe vimelala sawasawa, rangi moja, kingo zimenyooka. Kipande kilichopinda kidogo, alama ya kidole, mstari unaong'aa sehemu moja ambako kitu kimekuwa kikisugua, au doa la mafuta, vyote ni sababu ya kusimama. Chembe za mchanga pembeni mwa chumba pia: kamera iliyozoea picha za ufukweni Coco au Kigamboni huja nazo, na chembe moja ikiingia kati ya vipande inatosha kuvikwaruza. Usiguse mapazia kwa kidole wala pamba. Usipulize kwa mdomo, na usitumie kopo la hewa ya shinikizo, linaweza kuyapinda palepale na kamera ikawa yako kwa lazima. Pampu ya mpira, kwa mbali.

Bodi ambazo mapazia hubaki wazi unazitazama kwa simu. Ruhusu kamera ipige bila lenzi kwenye menyu, weka spidi ya shata 1/30 ya sekunde, rekodi mdomo wa kamera kwa video ya mwendo wa polepole ya fremu 240 kwa sekunde, piga mara tatu. Rudisha video taratibu. Hutaona kila kitu, kwa sababu pazia hupita ndani ya sehemu chache za elfu moja za sekunde, lakini kipande kinachochelewa, kinachobaki kikining'inia au kinachorudi kikiwa kimeinama kitaonekana.

Hatua ya 5: Sikiliza

Zima upigaji wa kimya kwanza, ama utakuwa unasikiliza spika. Kwa Sony, zima Silent Shooting na weka e-Front Curtain Shutter kuwa Off. Kwa Nikon, Shutter type iwe Mechanical. Kwa Fujifilm, MS (shata ya mekanika). Kwa Canon zenye chaguo hilo, Shutter mode iwe Mechanical.

Mtaa wa Msimbazi mchana haufai kwa hili. Ingieni kwenye ngazi za jengo au ndani ya gari, AC imezimwa. Piga fremu moja moja, 20, spidi 1/125, sikio karibu. Mlio uwe mkavu na ufanane kila mara. Mlio unaoburuta mkia, unaokwaruza, au fremu moja kati ya kumi inayotoa sauti tofauti, ni dalili ya pazia linalogusa kitu au mota iliyochoka. Kinachotisha si sauti kubwa, maana bodi nyingine zina kelele toka kiwandani. Ni kutofanana.

Hatua ya 6: Ukuta mweupe

Kama una muda wa jaribio moja tu, fanya hili.

Sababu ni hii. Kamera inayolingana na fleshi kwa 1/250, yaani hiyo ndiyo spidi yake ya juu ya kupigia na fleshi, ina mapazia yanayovuka fremu nzima ndani ya sekunde 0.004. Juu ya spidi hiyo hayaachi fremu yote wazi kwa pamoja: la nyuma linaanza kulifukuza la mbele, na kati yao kunabaki ufa unaosafiri. Kwa 1/8000 ufa huo una upana wa karibu milimita moja. Pazia likichelewa au likiwahi kwa kiasi kidogo sana, kwa 1/60 hutaona kitu, lakini kwa 1/8000 upande mmoja wa picha unapoteza mwanga kwa kiasi kikubwa, au unafungwa kabisa.

Toka nje. Usifanye chini ya taa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, taa za mrija na LED nyingi za bei nafuu hupepesa mara 100 kwa sekunde, na kwa spidi kubwa zitachora mistari ya giza kwenye picha ambayo utaidhania ya shata. Kamera nyingi nzima zimeachwa dukani kwa kosa hilo, na muuzaji mjanja naye huitumia kusingizia taa wakati tatizo ni lake kweli. Tafuta ukuta mweupe ulio kivulini chote, saa nne asubuhi au saa kumi jioni. Kama hakuna ukuta, karatasi ya A4 ikiwa kivulini inatosha.

Panga hivi. Upigaji wa M (wa kupanga kila kitu mwenyewe), mwelekeo wa lenzi uwe wa mkono na uvuruge kabisa ili ukuta uwe ukungu, mizani ya rangi isiwe ya otomatiki, ISO (unyeti wa sensa kwa mwanga) ya otomatiki zima, kurekebisha kupepesa kwa taa zima. Shata kamili ya mekanika. Weka 1/250 na ISO 100, kisha zungusha tundu la lenzi mpaka mita ya mwanga ya kamera isome sifuri. Kwenye ukuta mweupe kivulini utaangukia karibu na f/5.6, na lenzi ya kawaida ya kuja na kamera inaweza kufika hapo. Baada ya hapo tundu usiliguse tena. Piga ngazi hii:

1/250 kwa ISO 100
1/500 kwa ISO 200
1/1000 kwa ISO 400
1/2000 kwa ISO 800
1/4000 kwa ISO 1600
1/8000 kwa ISO 3200

Kila ngazi fremu tatu. Bodi zenye kikomo cha 1/4000, kama Sony a7C na Canon RP, zinaishia hapo. Kila hatua unapunguza mwanga nusu na kuongeza ISO mara mbili, kwa hiyo picha zote zinapaswa kutoka na ung'avu mmoja. Chembechembe zitaongezeka mwishoni, hilo puuza.

Sasa zipitishe kwenye skrini haraka, mbele na nyuma. Tofauti ndogo ya ung'avu inayogusa fremu nzima kwa usawa kati ya ngazi ni ya kawaida. Unachotafuta ni hivi:

Upande wa juu au wa chini unaozidi kuwa giza kadiri spidi inavyopanda: mapazia hayaendi mwendo mmoja. Kama unaanza kuonekana kwa 1/8000 tu na kwa hafifu, kamera inaweza kufanya kazi, lakini bei ishuke. Kama unaonekana kwa 1/1000, shata hiyo inaelekea kaburini.

Ukanda mweusi kabisa kwenye ukingo: pazia la nyuma linamkuta mwenzake kabla hajafika. Acha.

Fremu tatu za spidi moja zisizofanana: hiyo ni mbaya kuliko kosa lisilobadilika, kwa sababu kosa la kudumu fundi anaweza kulipima, la kuyumba linamaanisha kitu kimelegea.

Pembe nne zote giza sawasawa ni lenzi, si shata, na utaziona hata kwa 1/250. Ukiwa na wasiwasi kwamba ukuta wenyewe una kivuli, pindua kamera juu chini upige tena. Giza likihamia upande mwingine wa picha, ni ukuta. Likibaki palepale kwenye fremu, ni kamera.

Kwa bodi zenye pazia la nyuma tu, kutokulingana kidogo kwa spidi za juu kunaweza kutokea hata zikiwa mpya, hasa lenzi ikiwa wazi sana. Ukiona hivyo kwa f/2, rudia kwa f/8 ukiwa umepandisha ISO. Likiisha, ni tabia ya mfumo.

Hatua ya 7: Fleshi

Mnunuzi wa kazi za ukumbini asiruke hapa. Pachika fleshi moja kwa moja kwenye reli. Usitumie rimoti ya redio, kwa sababu baadhi huchelewesha na kuleta ukanda ule ule unaoutafuta. Zima mfumo wa spidi ya juu wa fleshi, weka nguvu ya mkono 1/4, chumba kiwe na mwanga hafifu, f/8, ISO 100. Piga ukuta kwa spidi ya juu ambayo bodi inalingana na fleshi: Sony a7 III ni 1/250, Nikon Z6 ni 1/200, Canon RP ni 1/180. Fremu nzima iwake. Ukanda wa giza chini au juu kwenye spidi hiyo unamaanisha mapazia yamepungua mwendo. Ukikuta unaendelea hata kwa 1/125, usinunue kamera hiyo kwa kazi ya harusi kwa bei yoyote.

Hatua ya 8: Ichoshe

Weka upigaji wa mfululizo wa kasi, mekanika, 1/1000, ukuta ule ule, ushikilie mpaka fremu 50. Rudia mara mbili baada ya dakika kumi ikiwa imewashwa, imepata joto. Zipitishe fremu haraka: picha zikimulika mulika, moja ang'avu moja giza, au ikitokea fremu nyeusi tupu katikati, shata inakosa mapigo. Ujumbe wa kukuambia uzime na kuwasha tena, kama Sony wanavyoandika Camera Error, ukitokea hata mara moja, mazungumzo ya bei yamekwisha. Muuzaji atasema "huwa inafanya hivyo kidogo". Mwache nayo.

Piga pia sekunde 1, 5 na 30, ukihesabu kwa simu. Ukipata 32 badala ya 30, kamera nyingi ziko hivyo kwa hesabu zake za ndani, si ubovu.

Bei na malipo

Kabla ya kwenda, muulize fundi wa kamera atakudai kiasi gani kubadilisha shata ya bodi hiyo, kipuri na ufundi, na kipuri kinachukua muda gani kufika. Mara nyingi kinaagizwa nje, na wiki ambazo kamera inalala mezani kwa fundi nazo ni gharama kama una kazi za watu. Bodi iliyopita nusu ya idadi yake lakini ukuta wake safi, toa kama nusu ya gharama hiyo kwenye bei. Iliyofikisha idadi yake, toa yote. Muuzaji akikataa, angalau mnajadili kitu kinachopimika.

Soma namba ya utambulisho wa kamera (serial number) iliyo chini ya bodi au nyuma ya skrini, uilinganishe na SerialNumber ndani ya faili uliyopiga mwenyewe pale pale. Zisipofanana, bodi imefunguliwa au si yake. Kamera hazina IMEI ya kuzifungia kama simu, kwa hiyo kinga yako ni karatasi: makubaliano yenye namba hiyo ya utambulisho, majina, nakala ya kitambulisho cha NIDA, hesabu ya shata siku hiyo, na siku saba za kurudisha shata ikifa. Dukani dai risiti ya EFD. Lipa kwa simu ili kumbukumbu ibaki, na hakuna sababu yoyote ya kutuma "kishikio", yaani malipo ya awali, kabla hujapiga ukuta.

Ukifika nyumbani nayo, jambo la kwanza: usiiache kwenye dashibodi ya gari lenzi ikitazama juu bila kifuniko. Jua la saa saba mchana likipita kwenye lenzi linaweza kutoboa pazia lililofungwa kwa muda mfupi, na siku saba za makubaliano hazifuniki hilo.